Zaatari ya Nchi ya Shamu

Katika vilima vya mawe vya nchi ya Shamu, yaani Falastini, Lebanoni, Jordani na Siria za leo, huota kichaka kifupi chenye majani ya kijivujivu yaliyo na malaika laini, ambacho wenyeji hukiita zaatari. Na jina hilo hilo wamelipa kitoweo kipatikanacho majani hayo yakisha kuanikwa, kufikichwa na kuchekechwa, kisha kutiwa ufuta uliokaangwa, chumvi, na unga mwekundu wa tunda la summaki, ambao uchachu wake hushika mahali pa ndimu.

Umri wake si haba. Saadia Gaon, aliyeifasiri Taurati kwa Kiarabu katika karne ya 10, alipolifikia lile jani ambalo Wana wa Israeli waliamriwa kulichovya katika damu usiku wa kuamkia kutoka Misri, nalo ndilo hisopo ya Biblia zetu, aliliita zaatari. Naye tabibu Musa bin Maimun, aliyefariki mwaka 1204, akabainisha kuwa ni lile lile ambalo wenye nyumba hulitia katika maakuli yao.

Namna ya kuila zaatari ni nyepesi: kipande cha mkate huchovywa kwanza katika mafuta ya zeituni, ndipo kikatiwa katika zaatari, nayo ikaganda, au hukorogwa na mafuta hayo, ikapakwa juu ya kinyunga na kuokwa, kikawa mkate uitwao manakishi. Akina mama wa huko huwalisha watoto wao asubuhi ya mtihani, wakiitakidi kuwa hunoa akili. Mimi siendi mbali kiasi hicho. Ila ufuta una madini ya kalsiamu na ya chuma, mafuta ya zeituni hushibisha, na harufu ya majani, itokayo katika thimoli na kavakroli, huamsha hamu ya chakula hata kwa mgonjwa.

Mwaka 1977 serikali ya Israeli iliuweka mmea huu miongoni mwa mimea ihifadhiwayo, ikakataza kuuchuma porini, kwa hoja ya kwamba ulikuwa ukikaribia kwisha. Na Wapalestina, ambao tangu zama za mabibi zao walikuwa wakipanda vilimani na magunia, wakaiona amri hiyo kuwa ni dhuluma juu ya chakula chao. Leo zaatari nyingi iuzwayo hulimwa mashambani.

Nawe msomaji, ukiikuta dukani, iulizie yaliyomo kabla ya kulipa, kwani wako wafanyabiashara waiongezao unga wa ngano na kutia asidi ya ndimu badala ya summaki.