Kutoka Gazeti la Misheni hadi Kishikwambi: Chombo na Msomaji katika Miji ya Mlima Kenya

Makala haya yanachunguza swali ambalo wahakiki wetu wamewaachia mafundi wa mitambo: chombo cha kusomea kina athari gani kwa fasihi inayosomwa? Mjadala wa ulimwengu umejikita katika vyombo viwili. Cha kwanza ni kisomaji, yaani kifaa kilichoundwa kwa ajili ya vitabu pekee, ambacho kilipata umaarufu Amazon ilipotoa Kindle mnamo Novemba 2007. Cha pili ni kishikwambi, kilichoenea baada ya iPad kuanza kuuzwa mwaka 2010, ambacho huonyesha kitabu, filamu, barua na mchezo kwa kioo kilekile. Kisomaji hutumia wino wa kielektroniki. Ukurasa wake huakisi mwanga wa nje kama karatasi, nao hula umeme hasa unapogeuzwa, hivyo betri hudumu kwa majuma. Kishikwambi hujiangaza chenyewe na betri yake huhesabiwa kwa saa. Kwa anayesoma juani Karatina, au kijijini ambako umeme hupotea masika yanapoanza, tofauti hii si ndogo. Hata hivyo, tutadai kwamba siyo tofauti ya kimsingi.

Hoja ya watetezi wa kisomaji ni kwamba fasihi huhitaji chombo chake peke yake, kwani penye mambo mengi msomaji hutawanyika. Historia ya Nyeri hailiungi mkono dai hili kwa urahisi. Waongofu wa mwanzo wa misheni waliitwa athomi kwa Kigikuyu, yaani wasomaji, na usomaji wao ulipimwa kwa kitabu kimoja. Huyo ndiye msomaji wa chombo cha kazi moja, ukipenda. Lakini mnamo 1916 wamisionari wa Consolata walianza kuchapisha gazeti la Wathiomo Mũkinyu hapo Nyeri, nalo likaweka mafunzo ya dini na maandishi ya wenyeji katika kurasa zilezile. Tangu hapo usomaji wa eneo hili ulikuwa wa mchanganyiko.

Mfano bora zaidi ni Gakaara wa Wanjau (1921–2001), mzaliwa wa Tumutumu, ambaye wahakiki wa Kiswahili wamempuuza bila sababu ya haki. Tusisahau kwamba kijitabu chake cha 1948, Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafirika, kilikuwa cha Kiswahili. Gakaara alikuwa mwandishi, mchapishaji na muuzaji kwa pamoja. Alitoa hadithi za mapenzi, nyimbo za siasa, mawaidha ya ndoa na mafunzo ya lugha, vijitabu vyembamba vya bei nafuu ambavyo mnunuzi wa sokoni angeweza kuvitia mfukoni. Serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari mnamo Oktoba 1952 alitiwa mbaroni, akakaa kizuizini takriban miaka minane. Alipoachiliwa alirudi kwenye uchapishaji, akaufanya mji wa Karatina makao ya kazi yake, na jarida lake la Gĩkũyũ na Mũmbĩ likaendeleza mtindo uleule wa kuchanganya. Shajara aliyoiandika kizuizini ilitolewa kwa Kigikuyu mwaka 1983 na kupata Tuzo ya Noma mwaka 1984. Karatasi ile ilinusurika mikononi mwa mwenyewe.

Hapa ndipo penye tofauti ya kimsingi. Mnamo Julai 2009 Amazon ilifuta, kutoka mbali, nakala za riwaya ya 1984 ya George Orwell zilizokuwa tayari ndani ya visomaji vya wanunuzi, kwa sababu ya mgogoro wa hakimiliki. Fedha zilirudishwa, na kampuni ikaomba radhi. Askari wa 1952 alilazimika kubisha mlangoni; safari hii hapakuwa na haja ya mlango. Anayejadili vioo na betri bila kuuliza nani ana uwezo wa kufuta bado hajaanza kujadili fasihi.

Vishikwambi navyo havikutoka salama. Mwaka 2016, karne moja kamili baada ya Wathiomo Mũkinyu, serikali ya Kenya ilianza kusambaza vifaa hivyo kwa darasa la kwanza, baada ya ahadi ya tarakilishi ndogo katika kampeni za 2013, na hatimaye vifaa zaidi ya milioni 1 vikafika katika shule za msingi za umma. Vilikuja na masomo ya madarasa ya chini yaliyoidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala. Tazama kinyume kilichojitokeza: chombo kinachosifiwa kwa kufanya yote kilifika shuleni kikiwa na kiada tu, ilhali kisomaji, kinacholaumiwa kwa ufinyu, ndicho ambacho shirika la Worldreader lilikijaza hadithi na riwaya lilipoanza kukipeleka katika baadhi ya maktaba za umma za Kenya. Aliyejaza chombo aliamua zaidi ya aliyekiunda.

Na pengine mjadala wenyewe umepitwa. Mnamo Machi 2016 jarida la Jalada lilitoa hadithi ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Ituĩka Rĩa Mũrũngarũ, katika lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwamo. Mwanafunzi wangu mmoja aliifungua ndani ya matatu kati ya Karatina na Nyeri, kwa rununu yenye kioo kilichopasuka, akasoma Kigikuyu kwanza, kisha Kiswahili. Alipotaka kunitumia swali kuhusu anwani yenyewe, baobonye ya simu ile haikuwa na ĩ wala ũ, herufi zinazotenganisha maneno mengi ya Kigikuyu. Aliiandika bila alama zake, nami nikalazimika kukisia neno aliloliuliza.