Simba ya Kolwezi na ekipe iliyozaliwa shuleni

Kolwezi ni mji wa shaba na kobalti. Tulipotembelea makusanyiko yetu huko, vijana, wengi wao wachimbaji wa mikono, walituuliza habari za mpira kabla ya zile za Injili. Wanashangilia AS Simba ya mji wao, ambayo haijachukua kombe la Afrika. Lakini wengine moyo wao uko Lubumbashi, kwa TP Mazembe, mabingwa wa Afrika mara 5, walioshindwa 3-0 na Inter Milan katika fainali ya vilabu vya dunia mwaka 2010.

Wachache wanajua mwanzo wake. Mwaka 1939 watawa Wabenedikto waliunda Saint-Georges kwa ajili ya wanafunzi wasiokusudia upadri. Baadaye ikaitwa Englebert, jina la kiwanda cha matairi. Kisha likaongezwa Tout Puissant, yaani Mwenyezi (sisi wahubiri tunasita kumwita hivyo mwanadamu!).

Watawa wale waliwafikiria vijana wasioingia madhabahuni. Huko Kolwezi tuliwauliza wazee: kijana asiyeimba kwaya, anayetoka shimoni amechoka, kanisa lina nini kwake? Mzee mmoja alijibu: kiwanja nyuma ya kanisa kipo, ila tumelima mihogo.