Kuyumba kwa gurudumu la nyuma la baiskeli

Kuyumba kwa gurudumu la nyuma ni hali ya ringi, habu au meno ya nyuma kutoka kwenye mstari wake, ama baiskeli inapotembea ama gurudumu linaposukumwa kwa mkono. Chanzo huwa gololi, ekseli, spoki, friwili au kaseti. Anayeendesha husikia karibu kitu kile kile, lakini tiba ni mbalimbali, na koni ya gololi ikikazwa wakati kosa liko kwenye spoki huiua habu iliyokuwa nzima.

Ekseli ya baiskeli haizunguki. Kinachozunguka ni habu, juu ya gololi zilizo kati ya bakuli na koni. Habu ya nyuma kwa kawaida huwa na gololi 9 kila upande, zenye kipenyo cha inchi 1/4. Katika habu ya friwili, meno pamoja na friwili, kifaa kinachoacha gurudumu lizunguke pedali zikitulia, hufungwa kwa uzi wa skrubu upande wa kulia, nje ya gololi, hivyo kipande kirefu cha ekseli hubaki bila egemeo. Friwili ya gia 6 au 7 hukirefusha zaidi, na hapo ndipo ekseli hupinda au kukatika chini ya mzigo. Mwaka 1978 kampuni ya Shimano ya Japani ilileta habu ambayo friwili ni sehemu ya habu yenyewe: gololi za kulia zikasogezwa karibu na fremu, na meno yakawa kaseti inayochomekwa, ambayo siku hizi hubanwa kwa nati.

Uchunguzi huanza kabla ya kugusa spana. Nati za ekseli zikiwa zimekazwa, gurudumu huinuliwa, ringi hushikwa karibu na breki na kusukumwa kushoto na kulia. Ikicheza, gololi zimelegea au zimelika. Isipocheza, lakini ikizungushwa inasogelea breki mahali pale pale kila mzunguko, kosa ni la spoki au ringi. Kwenye magurudumu ya gia, za kuangaliwa kwanza ni spoki za kulia, kwa kuwa ndizo zinazovutwa zaidi.

Wengi huilaumu ekseli iliyopinda kwa ringi inayoyumba. Haiwezekani, kwa sababu ekseli imesimama. Ekseli iliyopinda hulifanya gurudumu likae upande ndani ya fremu. Likitolewa na ekseli ikizungushwa kwa vidole, ncha yake huchora duara, na gololi hukaza upande mmoja na kulegea upande mwingine. Iliyokatika hujificha zaidi: kwenye gurudumu la kufunga kwa wenzo, chuma chembamba kinachopita katikati huvishikilia vipande vyote viwili, na fundi hushangaa tu kwamba koni hazitulii.

Meno yana kipimo chake. Pedali zikitulia na gurudumu likizunguka kwenda mbele, meno yanayoyumba yanaonyesha kwamba friwili haikukaa sawasawa na mhimili wa habu. Kuyumba kidogo kwa namna hii hutoka kiwandani na hakudhuru. Friwili isifunguliwe kwa ajili hiyo. Yakiyumba pedali zinapoendesha tu, jino mojawapo limepinda. Yakitikisika kwa mkono ilhali ringi imetulia, gololi ndogo za ndani ya friwili zimechakaa, na kwa friwili ya bei nafuu ni afadhali kununua nyingine.

Kaseti inayotikisika hukaguliwa nati yake kwanza, ambayo hukazwa kwa Nm 40. Kaseti ya gia 7 iliyowekwa kwenye habu ya gia 8 bila pete ya mm 4.5 nyuma yake italegea hata nati ikikazwa vipi. Kaseti ikiwa imebana lakini inatikisika pamoja na kipande cha habu inakochomekwa, bolti ya ndani ya kipande hicho imelegea au gololi zake zimekwisha.

Koni hurekebishwa hadi mchezo uishe, kisha hufungwa kwa nati ya pili. Kwenye gurudumu la wenzo huachwa mchezo mdogo sana, kwani wenzo ukibanwa huikandamiza ekseli na kuuondoa mchezo huo. Koni iliyokazwa kupita kiasi ni mbaya kuliko iliyolegea kidogo: ekseli hukwaruza vidoleni, grisi husukumwa pembeni, na vishimo huanza kwenye koni na bakuli. Koni hununuliwa dukani. Bakuli la habu nyingi halibadilishwi, na likishachimbika hununuliwa habu nzima.