Akiba ya Umeme: Kutoka Bwawa la Mtera Hadi Betri ya Nyumbani

Desemba 10, 2009, Unguja ilikatikiwa umeme na ikakaa bila umeme huo kwa miezi mitatu. Njia inayopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, upande wa Bara, hadi Ras Fumba, iliyokuwa ikitumika tangu 1980, ilikuwa imeharibika. Mwaka uliotangulia, kuanzia Mei 2008, njia hiyohiyo ilikwisha kuiacha Unguja gizani kwa takriban mwezi mzima. Pampu za maji zilisimama, vyakula vikaoza kwenye friji, na mwenye uwezo akanunua jenereta. Mitambo ya Bara ilikuwa ikizalisha umeme muda wote huo, ila Unguja haikuwa na akiba ya kutosha upande wake wa bahari. Tukio hili linafundisha jambo ambalo historia nzima ya betri za nyumbani inalithibitisha. Kuzalisha umeme ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuamua nani ataweka akiba, ataiweka wapi na nani ataigharamia. Akiba hiyo ilianzia karibu na mtumiaji, ikahamishiwa kwenye mabwawa, na sasa imerudi nyumbani kwa gharama ya familia. Ninachodai ni kwamba imerudi bila mpango wa umma, na kwamba mpango huo haufai kuchelewa tena.

Betri ya kwanza inayochajika upya ilitengenezwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, kwa bamba za risasi zilizozamishwa kwenye asidi. Mwaka 1881 Camille Faure akaiboresha hadi ikafaa kutengenezwa kwa wingi viwandani. Mwaka mmoja baadaye Thomas Edison akawasha kituo chake cha Pearl Street, New York. Umeme wa siku hizo ulikuwa wa mkondo mnyoofu, ambao betri huupokea na kuutoa kama ulivyo, na ndiyo maana vituo vingi vya aina hiyo vilikuja kujengewa vyumba vya betri. Mashambani Marekani, kuanzia 1916, wakulima waliuziwa mitambo ya Delco-Light: injini ndogo iliyochaji safu ya betri za volti 32, nazo zikawasha taa baada ya injini kuzimwa. Vifaa hivyo vilikufa kwa sababu mbili. Mkondo geu, unaosafirishwa mbali kwa hasara ndogo lakini usiohifadhika moja kwa moja kwenye betri, ulishinda; kisha sheria ya 1936 ya kusambaza umeme vijijini ikafikisha nyaya mashambani. Akiba ikahamia kwenye maghala ya makaa ya mawe na kwenye mabwawa. Familia zikapumzishwa wajibu wa kujiwekea umeme, kwa ahadi kwamba waya utakuwa nao saa zote.

Tanzania nayo ilitoa ahadi hiyo, na iliijenga juu ya maji. Baada ya serikali kushika hatamu za kampuni za umeme zilizoanzishwa 1931, mabwawa yalifuatana: Hale mwaka 1964, Nyumba ya Mungu 1968, kisha Kidatu kuanzia 1975, ambayo hatimaye ilifikia megawati 204. Bwawa la Mtera, juu ya Kidatu kwenye Mto Ruaha Mkuu, lilijengwa kwanza kuwa hifadhi ya maji ya Kidatu. Mitambo yake yenyewe ya megawati 80 ilikuja 1988. Mvua za masika zilikusanywa Mtera ili maji yafunguliwe taratibu kiangazi, yazungushe mitambo ya chini. Kwa maana hiyo Mtera ilikuwa betri ya taifa, yenye kipimo kinachosomeka kwa mita: ikijaa, maji hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Yakifika 690, mitambo hutakiwa kusimama.

Betri hiyo ya taifa iliisha chaji mara kwa mara. Mgao wa umeme ulikuja 1992, ukarudi 1994 na 1997, na mwaka 2006 maji ya Mtera yalishuka chini ya mita 690. Lawama zilielekezwa kwenye ukame na kwa wakulima wa mpunga wa bonde la Usangu, juu ya Mtera, ingawa baadhi ya watafiti waliochunguza bonde hilo walisema jinsi maji yalivyofunguliwa kwenye mabwawa nayo ilichangia. Pupa ya kuziba pengo ilizaa mikataba ya umeme na kampuni za IPTL na Richmond, na huu wa pili ukamfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Taifa lilijadili sana mikataba hiyo na kupitishana majina ya wahusika. Kilichotokea nyumbani kilijadiliwa kidogo mno. Kwa kuwa akiba ya umma ilikuwa imeshindwa, kila kaya ilitafuta yake: jenereta ya petroli kwa mwenye nazo, kisha inveta na betri zake, na kwa wengine taa ya kuchaji au mshumaa. Gharama iliyokuwa ya bwawa ikawa ya mwenye nyumba, na hakuna bajeti ya serikali iliyoionyesha.

Waliotangulia katika njia hii walikuwa watu wa vijijini, ambao ahadi ya waya haikuwahi kuwafikia. Nchini Kenya, familia zilikuwa zikiendesha redio na televisheni kwa betri ya gari, iliyobebwa kwa baiskeli au matatu hadi mjini kuchajiwa. Katikati ya miaka ya 1980, mafundi na walimu waliofanya kazi pande za Mlima Kenya walianza kufunga paneli za sola kwenye shule na nyumba za wakulima wa kahawa na chai, na kiwanda cha betri nchini humo kikaanza kutengeneza betri ya sola kwa kurekebisha ile ya gari. Marekebisho hayo yalikuwa na maana kubwa. Betri ya gari ina bamba nyembamba, nyingi, zilizokusudiwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiinyonya usiku kucha hadi iishe, fuwele za salfeti huganda kwenye bamba zake, na baada ya miezi kadhaa haipokei tena chaji. Maelfu ya betri ziliuawa hivyo, na wenyewe wakaamini kwamba sola ni utapeli. Soko liliwauzia kifaa bila maarifa yake, na waliopoteza akiba yao ya fedha ni wale waliokuwa na kidogo.

Hesabu yenyewe si ngumu, na kila mnunuzi alistahili kuelezwa. Betri ya risasi ya volti 12 na ampia-saa 100 hubeba uniti (kilowati-saa) 1.2. Ili idumu, haifai kutumiwa zaidi ya nusu, yaani uniti 0.6. Taa nne za wati 9, televisheni ya wati 60 na feni ya wati 60 zitaendeshwa kwa saa tatu na kidogo, ukiondoa kinachopotea kwenye inveta. Pasi au jiko la umeme ni nje ya mjadala. Betri za lithiamu zimebadili hesabu hiyo. Ziliingia sokoni kwa vifaa vidogo mwaka 1991. Aina yake inayotumia madini ya chuma na fosfeti, iliyoelezwa na timu ya John Goodenough miaka ya 1990, hustahimili kutumiwa karibu yote na kuchajiwa maelfu ya mara. Mwaka 2015 kampuni ya Tesla ilitangaza betri ya kutundikwa ukutani. Kwa hesabu za kampuni ya utafiti ya BloombergNEF, wastani wa bei ya betri za lithiamu duniani ulishuka kutoka zaidi ya dola 1,000 kwa uniti moja mwaka 2010 hadi dola 115 mwaka 2024. Dukani kwetu bei ni kubwa kuliko hiyo, kwa sababu ya usafirishaji, inveta na kazi ya fundi, lakini mwelekeo ni uleule.

Wapo watakaosema kwamba haja ya betri imekwisha. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwaka 2024, na leo Tanzania ina uwezo wa kuzalisha zaidi ya mahitaji yake. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa mgao uliotokana na uhaba wa uzalishaji ni tatizo tofauti na nguzo iliyooza au transfoma iliyoelemewa mtaani. Lakini ni tofauti hiyohiyo inayoidhoofisha. Bwawa hilo haliwezi kuhudumia mtaa ambao waya wake umeanguka, kama ambavyo mitambo ya Bara haikuweza kuisaidia Unguja. Kenya nayo ilikuwa na mitambo ya kutosha Agosti 25, 2023, siku gridi yake ilipoporomoka na giza likaingia hata kwenye uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi. Kadiri taifa linavyotegemea chanzo kimoja kikubwa, ndivyo akiba ndogondogo zilizotawanyika zinavyozidi kuwa na thamani. Hata hivyo zina mipaka: betri huvusha kaya saa chache au usiku mmoja, na bila sola isingeivusha Unguja miezi mitatu. Haitupi ruhusa ya kuacha kukarabati nyaya.

Pingamizi la pili ni la haki, nalo ni zito zaidi. Mwenye fedha akijinunulia betri na sola, hununua umeme kidogo wa shirika, na gharama za nyaya hubaki mabegani mwa maskini. Afrika Kusini imelionyesha hili wazi. Kwa makadirio ya shirika la umeme la Eskom, sola za binafsi juu ya mapaa ziliruka kutoka megawati 983 Machi 2022 hadi 4,412 Juni 2023, mwaka ambao mgao ulikuwa mbaya kuliko yote. Nafuu ya kodi iliyotolewa na serikali kuanzia Machi 2023 ilihusu paneli peke yake, ikaacha betri na inveta, na ilimfaa anayelipa kodi ya mapato na mwenye paa lake. Lakini kosa hapo si la betri. Watu walijiokoa kwa sababu umma haukuwaokoa, na sera ikaja nyuma yao, ikiwafikia walewale waliokwisha kujiweza. Sera ikitangulia, inaweza kuanza na zahanati, shule na mpangaji wa chumba kimoja.

La tatu ni sumu. Owino Uhuru, kitongoji cha Mombasa, kilipakana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu hadi kiwanda hicho kilipofungwa 2014. Risasi iliingia kwenye damu za watoto, na mapambano ya Phyllis Omido yakampa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya rufaa, Mahakama ya Upeo ikaurejesha uamuzi huo Desemba 2024. Anayetetea betri bila kutaja Owino Uhuru hasemi ukweli wote. Ila funzo lake linadai mpango uleule: kila muuzaji awajibike kuipokea betri iliyokufa, na uyeyushaji usifanyike penye makazi ya watu.

Kwamba hili linawezekana, kuna ushahidi. Katika jimbo la Vermont, Marekani, shirika la umeme la Green Mountain Power huwakodishia wateja betri za nyumbani. Umeme ukikatika betri huihudumia familia, na saa za matumizi makubwa shirika huuchota umeme huo kwa gridi nzima. Mashirika yetu yana mita za malipo ya kabla kama Luku, na ipo mitandao ya simu inayokusanya malipo madogo hadi kijijini, njia ambayo kampuni ya M-KOPA ilianza kuitumia Kenya mwaka 2012 kuuza sola kwa malipo ya kila siku. Tunahitaji viwango vinavyokaguliwa bandarini, lebo inayosema uwezo halisi wa betri, mafundi waliosajiliwa, mkopo unaolipwa pamoja na Luku, na bei ya haki kwa mwenye betri anayeisaidia gridi saa za jioni. Kaya zimekuwa zikiigharamia akiba ya umeme tangu mgao wa 1992. Ni wajibu wa serikali na mashirika ya umeme kuihesabu betri ya nyumbani kuwa sehemu ya miundombinu ya taifa, na kuigawa gharama yake kwa haki.