Heshima, Ridhaa na Darasa la Kipaimara: Funzo kutoka Kariakoo

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza, kwa njia ya historia, jinsi vijana wa katikati ya jiji la Dar es Salaam walivyofundishwa habari za mwili na za uhusiano kati ya mvulana na msichana. Hatuandiki kwa ajili ya kumbukumbu tu. Darasa la kipaimara leo huwapokea vijana ambao wengi wao wana simu mfukoni, au hutumia ya ndugu na rafiki. Yatupasa kujua ni urithi gani tunaowakabidhi, maana si wote ulio mwema.

Kungwi na mwalimu wa dini

Wazaramo, wenyeji wa pwani hii, walikuwa na utaratibu wao. Msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani akawa mwali, akafundishwa na kungwi au somo hata siku ya kutolewa nje. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Ufini, alieleza mila hizo kwa kirefu katika kitabu alichokitoa mwaka 1970. Utaratibu huo ulikuwa na nguvu moja kubwa: msichana alikuwa na mtu mzima, asiye mama yake, ambaye angeweza kumweleza lolote. Ulikuwa pia na upungufu wake: ulimwandaa mwali kumridhisha mume ambaye kwa kawaida wazee ndio waliomchagua.

Wamisionari wengi waliikataa mila hiyo. Wachache, kama Askofu Vincent Lucas wa Kanisa la Anglikana kule Masasi, walijaribu kulipa jando sura ya Kikristo. Kwetu Walutheri, darasa la kipaimara ndilo lililotarajiwa kujaza nafasi iliyoachwa. Lakini mara nyingi amri ya sita ilifundishwa kama katazo tupu, na mahali pa somo pakabaki wazi.

Oktoba 1968

Kariakoo ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, kilichopiga kambi hapo baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Baadaye ikawa mitaa ya nyumba za vyumba vya kupanga, ambamo watu wa makabila mengi waliishi ukuta kwa ukuta. Mtoto hakulelewa tena na ukoo peke yake. Alilelewa na mtaa, na mtaa ulikuwa na sauti nyingi.

Mwanzoni mwa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyokusudiwa kuanza tarehe 1 Januari 1969. Sketi fupi, mawigi, dawa za kung'arisha ngozi na suruali za kubana zilipigwa marufuku kwa jina la utamaduni wa taifa. Tarehe yenyewe haikungojwa. Siku chache tu baada ya tangazo, makundi ya vijana wa kiume karibu na soko la Kariakoo yaliwavamia wanawake waliokuwa wakipanda na kushuka mabasi, yakawapiga na kuwararulia nguo, hata polisi wakalazimika kuyatawanya. Magazeti yalipokea barua nyingi, nyingine za kuunga mkono marufuku, nyingine za kuipinga.

Tukio hilo lastahili kutafakariwa na kila mwalimu wa vijana. Waliomrarulia mwanamke nguo walidai kuitetea heshima. Nia ya mwanamke mwenyewe haikuulizwa. Mwili wake ulihesabiwa kuwa mali ya wote, wa kukaguliwa na kuadhibiwa. Aliyetazama hakuulizwa neno. Aliyetazamwa ndiye aliyehukumiwa. Ndiyo kusema, neno heshima likitengwa na ridhaa laweza kugeuka silaha.

Kituo cha basi kilichohamia kiganjani

Mwaka 1994 Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza vya televisheni, na mwaka huohuo huduma ya simu za mkononi ikaanza. Leo mitaa ya Kariakoo, kama vile Aggrey na Msimbazi, huuza simu kwa wateja kutoka nchi nzima. Kijana aweza kumwomba mwenzake picha ya utupu, kumsihi, kumtisha, na akiipata, kuisambaza kwa darasa zima kabla ya jioni. Umati wa mwaka 1968 ulitawanyika polisi walipofika, picha haitawanyiki. Lakini hukumu ni ileile: swali la kwanza huwa kwa nini msichana aliituma, wala si kwa nini mvulana aliisambaza.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili kwa watoto ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walipatwa na ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa hiyo katika kila darasa letu yumkini yuko aliyekwisha kuumizwa.

Sheria za nchi zimesogea. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilikataa kuihesabu ridhaa ya msichana wa chini ya miaka 18 asiye mke. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilikataza picha za ngono za watoto na unyanyasaji wa mtandaoni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilidai hiari ya wote wawili, ingawa iliruhusu msichana wa miaka 15 kuozwa. Vifungu hivyo vilitamkwa na Mahakama Kuu mwaka 2016 kuwa kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019.

Je, ridhaa ni jambo geni kwa Kanisa?

Wako wazee wa usharika wanaohofu kwamba kufundisha ridhaa ni kufungulia uasherati. Hofu hiyo twaiheshimu, lakini haina msingi. Mwaka 1524 Luther aliandika kwamba wazazi wasiwalazimishe watoto wao kuoa au kuolewa. Kila tubarikipo ndoa, twamwuliza bwana na bibi, kila mmoja kwa jina lake, nasi twangoja jibu. Asiyefundishwa kwamba aweza kusema hapana, ndiyo yake madhabahuni ina uzito gani?

Tena tukumbuke habari za Tamari katika 2 Samweli 13. Tamari alikataa kwa maneno yaliyo wazi, akalazimishwa. Absalomu akamwambia anyamaze. Daudi akakasirika sana, asitende lolote. Mara ngapi nasi tumekasirika kama Daudi, kisha tukaacha mambo yamalizwe nyumbani?

Hitimisho

Kutokana na historia hii twaona mambo matatu. Kwanza, wavulana na wasichana wafundishwe pamoja kwamba amri ya tano hulinda mwili wa jirani na amri ya nane hulinda jina lake, na kwamba picha ya mtu hugusa vyote viwili. Pili, kila usharika umrudishe somo: mwanamke na mwanamume wanaoaminika, wanaojulikana kwa vijana, na ambao wenyewe wamechunguzwa. Tatu, mtoto akiumizwa, aliyefanya hivyo hata akiwa mzee wa kanisa, mwinjilisti au mchungaji, shauri lipelekwe penye sheria. Kulificha kwa kisingizio cha kulinda heshima ya Kanisa ni kurudia yaliyotendeka Kariakoo: kuitetea heshima kwa kumvunjia heshima aliye dhaifu.