Albamu ya Tupac ambayo haikutoka: historia ya "One Nation"

Wasikilizaji wetu, ukipita Birere leo bado utaona sura ya Tupac imechorwa kwenye ukuta wa saluni ya kunyoa, kitambaa kichwani. Vijana wanaokaa chini ya picha ile wengi hawakuwa wamezaliwa alipokufa. Wanajua nyimbo zake, lakini wachache wanajua kwamba alikuwa akitengeneza albamu moja ambayo mpaka leo haijatoka, nayo ilikuwa ya kupatanisha watu. Jina lake ni "One Nation", maana yake taifa moja.

Tuanzie 1996. Tupac Shakur alizaliwa New York mwaka 1971, akakulia huko na Baltimore, kisha familia ikahamia California. Kwa hiyo alikuwa mtoto wa pande zote mbili za Marekani. Mwaka 1994 alipigwa risasi kwenye mlango wa studio huko New York, akapona. Mwaka uliofuata aliingia gereza, na alipotoka Oktoba 1995 alijiunga na kampuni ya Death Row ya California. Hapo ugomvi kati yake na Notorious B.I.G. wa New York ukawaka. Magazeti yakauita vita vya pwani ya mashariki na pwani ya magharibi. Mwezi wa sita 1996 Tupac alitoa wimbo wa matusi makali sana dhidi ya B.I.G. na wenzake.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Katika majira hayohayo, mtu huyohuyo aliwaita wanamuziki wa New York waje kukaa kwake California. Walikuja Buckshot wa kundi la Black Moon, pamoja na Tek na Steele wa Smif-N-Wessun, wote vijana wa Brooklyn. Greg Nice pia aliingia katika kazi hiyo. Walirekodi pamoja na Tupac na vijana wake wa Outlawz. Tusidanganyane: hakuwa amemsamehe B.I.G. Alitaka kuonyesha kwamba ugomvi wake ni wa watu fulani, si wa kila mtu aliyezaliwa upande ule. Sisi wa Kivu tunaelewa vizuri tofauti hiyo. Tumeona mara ngapi kosa la mtu mmoja likibebeshwa kabila zima?

Kazi haikufika mwisho. Tarehe 7 Septemba 1996 Tupac alipigwa risasi Las Vegas, akafa tarehe 13, akiwa na miaka 25. Miezi sita baadaye, tarehe 9 Machi 1997, B.I.G. naye aliuawa Los Angeles.

Nyimbo zilienda wapi? Wakati ule studio zilirekodi kwenye mikanda mipana, kila sauti na kila chombo kwenye mstari wake. Mikanda ilibaki kwa kampuni, na mama yake, Afeni Shakur, alilazimika kupigania haki ya kazi ya mwanawe. Mwaka 1997 alianzisha kampuni yake, Amaru, akaanza kutoa albamu za nyimbo zilizobaki. Lakini nyimbo za "One Nation" hazikutoka zikiwa pamoja. "Military Minds", ambamo Tupac yuko na Buckshot na wale wawili wa Smif-N-Wessun, ulitoka 2002 ndani ya albamu "Better Dayz". Nyingine zilivuja kwa njia ya panya, kwenye nakala zenye sauti mbovu.

Basi wapenzi wake wakaanza kuunganisha vipande. Wanasikiliza nani anaimba: sauti ya Buckshot ni dalili kwamba wimbo ni wa majira yale. Wanatafuta tarehe iliyoandikwa kwenye boksi la mkanda. Wanalinganisha na maneno ya waliokuwepo studio. Wakikosa hayo, wanakisia tu. Ndiyo maana orodha zinazozunguka hazifanani: albamu haikufungwa, kwa hiyo hakuna orodha ya mwisho iliyotoka mkononi mwa mwenyewe. Na siku hizi kompyuta inaiga sauti ya marehemu. Mwaka 2024 Drake alitoa wimbo wenye sauti ya Tupac iliyotengenezwa hivyo. Wasimamizi wa mali ya marehemu wakapinga, naye akauondoa.

Kwa nini ninawaeleza haya? Albamu ya kwanza baada ya kifo chake ilitoka tarehe 5 Novemba 1996. Siku hizohizo za mwanzo wa Novemba, wapiganaji wa AFDL walikuwa wameingia Goma, na watu walikuwa barabarani na magodoro kichwani. Kwetu, Tupac alifika baadaye, kwenye kasete zilizorekodiwa kutoka kasete nyingine. Yaya wangu alikuwa na boksi zima, pamoja na sauti ya babu yetu akisimulia ukoo. Lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilichukua vyote. Nyimbo za Tupac nilizipata tena. Sauti ya babu sikuipata.

Na vita vilipoingia Goma mwisho wa Januari 2025, kisha kambi za pembeni mwa mji zikabaki tupu, wengi wenu mliondoka na nguo za mwilini. Najua katika telefoni zenu kuna nyimbo za kwaya, sauti za wazee, vijana wanaorap kwa Kiswahili chetu. Nyingi hazina jina wala tarehe.

Naomba jambo dogo. Mwanzoni mwa kila mnachorekodi, semeni kwa mdomo: nani anaongea, mahali gani, tarehe gani. Kisha mpeni ndugu wa mahali pengine nakala. Tupac alikuwa na studio, kampuni na wanasheria, na bado watu wanakisia karibu miaka 30. Sisi tuna telefoni moja yenye kioo kilichopasuka. Itoshe.