GARI INACHEMSHA? USIKUBALI KUTOLEWA THEMOSTATI!

Kuna hili suala la gari kuchemsha, nimeulizwa sana nikaona bora niliandike mara moja. Mimi siyo fundi mwenye cheti. Nilipomaliza fomu foo nilishinda gereji ya mjomba kule Tabata karibu miaka miwili, kwa hiyo haya nimeyashika kwa mikono yangu.

Kwanza tuelewane humo ndani mambo yanaendaje. Injini ikichoma mafuta, sehemu kubwa ya ule moto haigeuki kuwa mwendo, inabaki joto tu. Wota pampu inasukuma maji yapite kwenye injini yabebe lile joto, yaende kwenye rejeta yakapoe kwa upepo, halafu yarudi tena. Njiani kuna kidude kidogo kinaitwa themostati. Injini ikiwa baridi kinaziba njia ya kwenda kwenye rejeta ili injini ipate joto haraka. Maji yakifika kama nyuzi 82 hivi, gari nyingine 88, kinaanza kufungua.

Mfuniko wa rejeta nao watu wanaudharau. Kazi yake ni kubana presha. Maji ya kawaida yanachemka nyuzi 100, lakini yakibanwa kwa presha ya baa 1 hivi yanavumilia mpaka karibu 120. Sasa ukiwa na mfuniko uliochoka mpira, gari inaweza kumwaga maji na kuchemsha wakati haina ugonjwa mwingine wowote. Anza na hapo, ni kitu cha bei ndogo.

Fundi anayejua kazi atakuuliza: inachemsha wakati gani? Hili swali ndilo linakata nusu ya kazi.

Ikichemsha kwenye foleni lakini ukishika barabara kubwa inatulia, mshuku wa kwanza ni feni. Gari ikitembea upepo unaingia wenyewe, ikisimama inategemea feni peke yake. Washa AC gari ikiwa imesimama, kwenye gari nyingi ndogo feni inatakiwa izunguke. Kama imelala angalia fyuzi, rilei, waya, mwisho mota yenyewe. Lakini jamani msitie mikono! Feni ya umeme inaweza kuanza yenyewe hata injini imezimwa. Kwa gari zenye feni inayozungushwa na injini, angalia mkanda na ile klachi ya feni.

Ikiwa mjini haina shida ila ukikaza mwendo au ukipanda mlima inapanda, hapo fikiria rejeta iliyoziba kwa kutu na chumvi ya maji ya bomba, au matope na wadudu walioziba kwa nje, au wota pampu iliyokula mapanga. Na ikichemsha mapema tu baada ya kuwasha, pima mipira miwili ya rejeta kwa tahadhari: kama wa juu unaunguza na wa chini bado baridi, maji hayapiti. Themostati imekwama, au rejeta imeziba.

Maji yanapungua na chini huoni tone? Papasa kapeti upande wa abiria, hita huwa inavujia humo. Kama ni pakavu, chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, au injini ikiwashwa asubuhi ya baridi mfuniko ukiwa wazi mapovu yanatoka bila kukoma, pole sana mdau, gasketi ya hedi hiyo.

Sasa nije kwenye kinachoniuma. Mafundi wetu wengi, gari ikichemsha tu, wanatoa themostati na kuitupa. Ukiuliza unaambiwa "hii ni ya nchi za baridi, huku Bongo haina kazi". Siyo kweli. Themostati haiangalii hali ya hewa, inaangalia joto la maji. Ukiitoa, injini inakaa baridi muda mrefu, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta mengi ikidhani ndiyo kwanza imewashwa, na injini inalika. Kibaya zaidi, kwenye injini nyingi themostati ikifunguka huwa inaziba kile kinjia cha pembeni. Ikiwa haipo, maji mengine yanazunguka humo humo bila kupita kwenye rejeta. Yaani umetibu kuchemsha kwa kuongeza kuchemsha!

Kuna mama mmoja tulimpokea na Noah. Ilikuwa inachemsha foleni, fundi wake wa awali akatoa themostati, feni hakuigusa. Akasafiri kwenda Iringa. Kutoka Ruaha Mbuyuni unapanda Kitonga, mwendo wa kinyonga nyuma ya malori, injini inafanya kazi kubwa na upepo hakuna. Ilipofika gereji hedi ilikuwa imepinda. Hedi nyingi ni alumini, ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma cha bloku, ndiyo maana ya kupinda na kuunguza gasketi. Mota ya feni ingegharimu sehemu ndogo tu ya alicholipa.

Kuijaribu themostati hata jikoni inawezekana. Itie kwenye sufuria ya maji baridi, bandika motoni. Inatakiwa ifunguke kabla maji hayajachemka, na ikipoa ijifunge. Isipofanya hivyo nunua nyingine.

Ikikukuta njiani: zima AC, fungua vioo, washa hita mpaka mwisho (utatoka jasho lakini inasaidia kutoa joto), tafuta pa kusimama, zima injini. Gari kama Vitz na Passo nyingi hazina geji, ukiona taa nyekundu usiseme nifike kwanza nyumbani. Na mwenye geji, ikishuka ghafla kwenye baridi huku moshi unatoka, haijapona hiyo, maji yameisha na sensa inapima hewa.

MFUNIKO USIFUNGULIWE ukiwa wa moto. Maji yaliyobanwa yakipata upenyo yanalipuka usoni. Subiri angalau nusu saa, shika mpira wa juu, ukiwa bado mgumu subiri tena. Halafu weka kitambaa, zungusha kidogo kidogo. Na wale wa kumwagia injini ndoo ya maji baridi acheni, chuma cha moto kinapasuka.

Ukijaza maji acha hita wazi na injini iunguruме taratibu mpaka mapovu yaishe, hewa ikibaki ndani itachemsha tena. Maji matupu ni ya kukufikisha gereji tu, baada ya hapo weka kulanti, inazuia kutu. Wenye malori na mabasi ya njia ya Sekenke, mtuongezee uzoefu hapo chini.